Fidia Huanzia kwenye PF3: Namna ya Kutunza Ushahidi wa Kesi ya Jinai Tanzania Bara

Mtu akipigwa, akiibiwa au akibakwa, swali la kwanza nyumbani huwa ni kama mhusika atafungwa. Swali la pili, ambalo wengi hulikumbuka kesi ikiwa imekwisha, ni "na mimi nalipwa nini?" Maswali yote mawili hujibiwa na ushahidi uleule, na sehemu kubwa ya ushahidi huo hupatikana au hupotea ndani ya siku tatu nne za mwanzo. Mwongozo huu ni kwa mlalamikaji na ndugu zake wanaomsaidia kufuatilia kesi.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za mwenendo wa jinai na ushahidi. Namba za vifungu ni zile zilizozoeleka kabla ya toleo la urekebu (sheria zilizopangwa na kuchapishwa upya) la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025. Katika toleo hilo baadhi ya namba zimesogea, kwa hiyo ukitaka kunukuu kifungu kwenye barua, kilinganishe kwanza na nakala ya sasa.

Mzigo wa kuthibitisha ni wa nani

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Kifungu cha 3(2) cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kinaweka vipimo viwili. Kesi ya jinai huthibitishwa bila kuacha shaka ya maana, na kesi ya madai huamuliwa kwa kuangalia upande upi una uzito zaidi. Mzigo wa jinai hubebwa na upande wa mashtaka mwanzo hadi mwisho. Mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha kwamba hana kosa. Akiifanya mahakama iwe na shaka ya maana, inamtosha. Hata akidai siku ya tukio alikuwa mji mwingine, anachodaiwa ni kutoa taarifa ya utetezi huo mapema, lakini kazi ya kuuvunja bado ni ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.

Walalamikaji wengi huumia hapa, kwa sababu huona kuaminiwa na mtaa mzima kunatosha. Mahakama huligawa kosa vipande vipande na kudai kila kipande kisimame. Chukua unyang'anyi wa kutumia silaha. Lazima ionekane kwamba kitu kiliibwa, kwamba kilikuwa chako, kwamba silaha ilitumika kukichukua au kukishikilia, na kwamba aliyefanya hayo ni huyu aliyesimama kizimbani. Vitatu vya kwanza vikiwa imara kama mwamba na cha nne kikayumba, mshtakiwa anaachiwa. Tena, upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake, hakimu huamua kwanza kama kuna kesi ya kujibu. Kama hakuna, kesi huishia hapo na mshtakiwa hafungui hata mdomo.

Saa za kwanza: RB, PF3 na maelezo yako

Toa taarifa kituo cha polisi na uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Iandike mahali pawili, na andika pia jina na cheo cha askari aliyekupokea. Kama umejeruhiwa, omba hapohapo PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha yako. Jeraha likiwa la kutishia maisha, nenda hospitali kwanza na ndugu afuate fomu, maana uhai hausubiri karatasi. Mweleze daktari tangu mwanzo kwamba kuna shauri la polisi ili aandike alichokiona kwenye faili siku hiyohiyo. PF3 iliyojazwa wiki mbili baadaye, jeraha likiwa limefunga, ina nguvu ndogo mno.

Fomu ikirudi, isome kabla ya kuipeleka polisi. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Tarehe ya kuchunguzwa ilingane na ile ya faili la hospitali. Daktari aeleze jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, lina muda gani na huenda lilisababishwa na kitu cha aina gani. Halafu tazama kiwango cha madhara alichoandika, kwa sababu neno moja hapo hubadilisha shtaka. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu madhara makubwa, kina kifungo cha hadi miaka saba, ilhali shambulio la kudhuru mwili chini ya kifungu cha 241 ni hadi miaka mitano. Piga picha fomu nzima, mbele na nyuma, kabla haijaingia kwenye jalada.

Kisha utaandikiwa maelezo. Wengi huyachukulia kama utaratibu tu wa ofisi, ilhali wakili wa utetezi atakuja nayo mkononi miezi minane baadaye na kukuuliza kwa nini uliwaambia polisi "watu wawili" na leo unasema watatu. Usisaini kabla hujasomewa au hujasoma mwenyewe hadi mstari wa mwisho. Pakiwa na kosa, lisahihishwe palepale na usaini pembeni ya sahihisho. Usichokiona usikiseme. Kama hukuona rangi ya shati, sema hukuona.

Kama unamfahamu aliyekutendea, mtaje jina mara ya kwanza unapofungua mdomo, kwa jirani aliyekuja kukuokoa, kwa mjumbe na kwa askari wa zamu. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa katika nafasi ya mapema kabisa kunaongeza uaminifu wake, na kuchelewa kumtaja bila sababu kunatia shaka. Kama hujui jina lake, toa wasifu kabla hajakamatwa, yaani urefu, sauti, mwendo, kovu, pengo la jino. Wasifu unaotolewa baada ya kuonyeshwa mtuhumiwa hauna maana.

"Nilimwona kwa mwanga wa taa"

Utambuzi wa usiku ndio unaovunja kesi nyingi za wizi na unyang'anyi, na kipimo chake kimejulikana tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la 1980. Mahakama itataka kujua ulimwangalia mtu huyo kwa muda gani, mlikuwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, ulikuwa unamfahamu kabla au la, na kama kuna kitu kilikuziba macho.

Kusema "kulikuwa na mwanga" hakujibu lolote. Shahidi aeleze chanzo cha mwanga, nguvu yake na mahali kilipokuwa. Linganisha: "kulikuwa na taa ya umeme" na hili: "taa ya balbu ilikuwa juu ya mlango wa duka, hatua tatu kutoka niliposimama, alipogeuka kuchukua droo ya fedha uso wake ulielekea kwenye taa, nikamwangalia kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, ni kijana aliyekuwa akinunua vocha kwangu karibu kila siku kwa mwaka mzima." Jibu la pili linampa hakimu kitu cha kupima. Nenda eneo la tukio ukapime kwa hatua, upige picha ya taa ilipo, na umwombe mpelelezi aichore kwenye ramani ya tukio. Balbu hubadilishwa, na maduka hubomolewa.

Mali iliyoibwa na safari ya kielelezo

Mali ikikamatwa kwa mtuhumiwa, unaweza kutegemea kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni. Ina masharti. Mali iwe imekutwa kwake, ithibitike kuwa ni yako, iwe imeibwa hivi karibuni, na iwe ndiyo hasa iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Sharti la pili ndilo lako. Eleza alama za mali yako kabla hujaonyeshwa. Kwa simu, taja namba ya IMEI, tarakimu 15 zilizo kwenye boksi (au bonyeza *#06# leo, simu ikiwa bado mkononi mwako, uziandike mahali). Kwa televisheni, namba ya mtambo iliyo nyuma. Kwa ng'ombe, chapa na mkato wa sikio. Risiti inasaidia, ila risiti isiyo na namba inayolingana na kitu chenyewe inathibitisha tu kwamba uliwahi kununua kitu cha aina hiyo.

Polisi nao wana wajibu wa kuonyesha kitu kilipita mikononi mwa nani tangu kukamatwa hadi kufika mahakamani. Kifungu cha 38(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinataka hati au stakabadhi ya kukamata mali, yenye saini za mwenye mahali palipopekuliwa au anayepashikilia, na za mashahidi. Kama ulikuwepo, hakikisha imeandikwa palepale na jina lako limo. Usikubali "kusaidiwa" kurudishiwa mali kienyeji kituoni bila maandishi, hata ukiwa unaihitaji kesho. Kesi inakosa kielelezo, na wewe unakosa cha kuonyesha. Ukiihitaji kwa kazi au ikiwa ni ya kuharibika upesi, mwombe mwendesha mashtaka apeleke ombi mahakamani, ipigwe picha na amri iandikwe.

Kwa meseji, sauti na picha za simu, usifute chochote na usitegemee picha ya skrini peke yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inataka mahakama ipime uaminifu wa namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa, na namna mtumaji alivyotambuliwa. Kwa hiyo tunza simu yenyewe na laini yenyewe. Katika wizi wa fedha kwa simu, omba taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu na umkumbushe mpelelezi aombe usajili wa namba iliyopokea fedha. Atakayetoa nakala iliyochapishwa aeleze ilitoka kwenye kifaa gani, lini, na kwamba haikuguswa.

Makosa ya kujamiiana

Hapa muda ni mfupi kuliko kwingine kote. Asioge, asibadilishe nguo kabla ya uchunguzi kama inawezekana, na nguo zikivuliwa zihifadhiwe kila moja kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa kwenye nailoni zenye unyevu huota ukungu na kuharibu vilivyomo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ni bora zaidi. Kituoni uliza Dawati la Jinsia na Watoto.

Kisheria, ushahidi ulio bora katika ubakaji ni wa mwathirika mwenyewe. Mahakama ya Rufani ililisema hilo wazi mwaka 2006, na kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu kutia hatiani kwa ushahidi wake peke yake, mahakama ikiridhika na kuandika sababu kwamba anasema kweli. PF3 huunga mkono na haichukui nafasi yake. Mtoto wa miaka isiyozidi 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila ni lazima aahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Hukumu zimetenguliwa kwenye rufaa kwa sababu ya sentensi hiyo moja kukosekana. Mzazi aliyekaa na mtoto anaweza kumwomba mwendesha mashtaka, kwa heshima, ahakikishe imeandikwa.

Umri pia huthibitishwa. Ubakaji wa mtoto chini ya miaka 18 hauhitaji kuuliza ridhaa, lakini mtu aseme mahakamani kwamba mtoto ana miaka mingapi. Anaweza kuwa mtoto mwenyewe, mzazi, daktari, au kikatolewa cheti cha kuzaliwa. Umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka au kutajwa na hakimu kabla mtoto hajaanza kutoa ushahidi si ushahidi. Jambo jingine la kumtuliza mwathirika ni kwamba kifungu cha 186(3) cha Sura ya 20 kinataka ushahidi wa kesi hizi usikilizwe faragha. Akiona ukumbi umejaa watu, ana haki ya kusema.

Siku ya kutoa ushahidi

PF3 na nyaraka nyingine zina mpangilio ambao haurukwi. Kwanza shahidi anaitambua, mshtakiwa anaulizwa kama ana pingamizi, mahakama inaipokea kama kielelezo, *kisha* inasomwa kwa sauti. Ikisomwa kabla ya kupokelewa, au ikipokelewa bila kusomwa, huondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa. Mshtakiwa pia aambiwe kuhusu haki yake ya kumtaka daktari aitwe kuhojiwa, chini ya kifungu cha 240(3) cha Sura ya 20. Wewe si wakili wa kesi hiyo, lakini unaweza kumuuliza mwendesha mashtaka kabla ya kuingia: "Mheshimiwa, PF3 itasomwa?" Swali hilo fupi limeshaokoa kazi ya miaka.

Idadi ya mashahidi haina kiwango kisheria. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi kinasema hivyo. Lakini shahidi muhimu aliyekuwepo akiachwa bila sababu, mahakama yaweza kudhani alichotaka kusema kingeudhuru upande wa mashtaka. Toa majina na namba za simu za waliokuwepo, na upande wa mashtaka ukisema hawaonekani wewe ndiye wa kuwatafuta, maana watu huhama.

Fidia: iombe, na uithibitishe

Ibara ya 107A(2)(c) ya Katiba inaitaka mahakama itoe fidia ipasavyo kwa waliopata hasara kutokana na makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria. Njia kuu ni kifungu cha 348 cha Sura ya 20. Mahakama ikimtia mtu hatiani kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, na ushahidi ukionyesha kwamba mtu mwingine amepata hasara ya mali au jeraha, na kwamba angeweza kupata fidia ya maana kwa kesi ya madai, yaweza kumwamuru mkosaji amlipe fidia ya fedha au ya kitu. Kwa ubakaji, kifungu cha 131(1) cha Kanuni ya Adhabu kinaelekeza fidia iamriwe pamoja na kifungo. Mahakama ikitoza faini, yaweza pia kuamuru sehemu yake au yote iende kwa aliyeumia, chini ya kifungu cha 350 cha Sura ya 20. Mali yako iliyopatikana inarudishwa kwako kwa amri, na aliyeinunua kwa nia njema anaweza kufidiwa na mkosaji.

Angalia maneno "ushahidi ukionyesha". Amri ya fidia isiyo na hesabu nyuma yake hupunguzwa au kufutwa kwenye rufaa. Kwa hiyo hasara yako iingie kwenye ushahidi wako wakati kesi inasikilizwa. Ukingoja siku ya hukumu, umechelewa. Mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba utaomba fidia, na uje na bahasha moja iliyopangwa. Mfano wa dereva wa bodaboda aliyevunjwa mkono:

Bili ya hospitali 186,000. Dawa na POP (plasta ya mfupa) 64,500. Nauli ya kliniki safari sita za kwenda na kurudi kwa 8,000, jumla 48,000. Siku 21 bila kazi kwa 15,000 zinazobaki baada ya mafuta na hesabu ya tajiri, jumla 315,000. Yote ni shilingi 613,500.

Kila namba iwe na karatasi au mtu. Risiti ziwe na jina lako na tarehe, na zile za karatasi laini zipigwe picha kwa sababu maandishi yake hufutika. Kipato kisicho na hati ya mshahara kithibitishwe na daftari la hesabu au na mwenye pikipiki mwenyewe kusimama na kusema. Maumivu na ulemavu wa kudumu hayana risiti. Hayo yaeleze kwa kinywa chako na daktari ayataje. Ukitaja milioni kumi bila lolote mkononi, unaweza kupata 200,000 au usipate chochote.

Usisahau makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2019. Mshtakiwa na upande wa mashtaka wakianza kukubaliana, fidia inaweza kuwa sehemu ya masharti. Mara utakaposikia mazungumzo hayo, peleka hesabu yako kwa maandishi.

Ukishapata amri, omba nakala ya hukumu. Asipolipa, rudi mahakama ileile uombe hati ya kukamata mali. Kifungu cha 318 cha Sura ya 20 kinaruhusu mali ya mdaiwa kukamatwa na kuuzwa, inayohamishika kwanza. Tafuta mwenyewe ana nini na iko wapi, kwani dalali wa mahakama hawezi kukamata asichoonyeshwa. Kumbuka pia mkosaji ana haki ya rufaa, kwa kutoa kusudio ndani ya siku 10 na kuwasilisha sababu ndani ya siku 45 kwenda Mahakama Kuu. Hatia ikifutwa, amri ya fidia iliyotegemea hatia hiyo nayo huanguka. Mshtakiwa akiachiwa, wewe huwezi kukata rufaa mwenyewe. Mwandikie Mkurugenzi wa Mashtaka haraka, maana yeye ana siku 30 za kutoa kusudio.

Mahakama ya Mwanzo ina njia yake. Kule kwa kawaida hakuna wakili wa Serikali, mlalamikaji ndiye anayeleta mashahidi na kuuliza maswali, kanuni za ushahidi ni zile za 1964, na rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Hapo mzigo wa kuthibitisha unakaa mabegani mwako moja kwa moja, na ombi la fidia nalo utalitoa wewe.

Kesi ya madai kando ya jinai

Ndugu wa aliyeuawa kwa kukusudia hawapati fidia kwa kifungu cha 348, kwa kuwa adhabu ya kosa hilo ni kifo. Wao, na yeyote aliyepata fidia ndogo kuliko hasara, wana njia ya madai. Waliogongwa na gari wadai pia bima ya lazima ya gari, wakiwa na ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na nakala ya hukumu.

Faida kubwa iko kwenye kifungu cha 43A cha Sheria ya Ushahidi. Hukumu ya jinai iliyomtia mtu hatiani, muda wa rufaa ukishapita au rufaa ikishaamuliwa, ni uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa hilo. Kwenye madai unabaki kuthibitisha kiasi tu, na fidia uliyokwishalipwa itakatwa. Mshtakiwa akiachiwa, muulize wakili kwanza kama bado una njia ya madai, kwa kuwa kifungu hichohicho kinagusa pia hukumu ya kumwachia mtu.

Lakini Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai ya kudhuriwa, ikihesabiwa tangu ulipodhurika, na kesi ya jinai inaweza kuila yote mitatu kwa kuahirishwa. Andika tarehe ya tukio ukutani, ongeza miaka miwili na nusu, na siku hiyo uwe umeshakaa na wakili au mtoa msaada wa kisheria, kesi ya jinai iwe imekwisha au bado.